Siku ya Taifa ya Pale Pale

Wizara ya Maelewano ina furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote kwamba, kuanzia Jumatatu, neno "wapi" limestaafishwa kwa heshima zote. Limelitumikia taifa kwa uaminifu, limechoka, na sasa linastahili kupumzika. Atakayelisikia likitumika kinyume cha utaratibu atoe taarifa kwa Mkaguzi wa Wapi aliye karibu naye. Ofisi ya Mkaguzi iko pale pale.

Tangazo hilo lilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni, na sababu zake zilikuwa nzito. Wizara ilikuwa imefanya utafiti na kugundua kwamba wananchi wanamaliza nusu ya uhai wao wakiulizana. Uko wapi? Niko hapa. Hapa wapi? Hapa hapa, mbona sikuoni? Mazungumzo ya namna hiyo, Wizara ilibaini kwa masikitiko, hufanywa na watu wawili ambao wote wanataka jambo moja tu, yaani kukutana. Sasa watu wenye nia moja wanaulizana nini? Kuulizana ni kwa wasioaminiana, kama vile ndugu waliobakiwa na nyumba ya marehemu.

Adhabu nayo ilikuwa ya kiungwana. Hakuna faini, hakuna jela. Atakayekamatwa akisema "wapi" atapigiwa filimbi na kuamriwa asimame hapo hapo alipo mpaka aelewe.

"Mpaka aelewe nini?" aliuliza mwandishi mmoja wa habari.

"Mmemwona?" msemaji wa Wizara akawageukia wengine. "Huyu ndiye tunayemlenga."

Mzigo wote huo ulikuwa mabegani mwa mtu mmoja, Kaimu Mkurugenzi wa Makisio ya Pamoja. Alikuwa bwana mwenye tumbo la heshima, suruali iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe, na hamu moja tu duniani: neno "Kaimu" limwondokee. Alianza kukaimu nywele zake zikiwa bado nyeusi. Mawaziri walikuja, wakakata utepe, wakaondoka, yeye akabaki anakaimu. Mlangoni kwake palikuwa na kibao kizuri cha mbao kilichoandikwa "Mkurugenzi", na juu ya kibao kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi, "Kaimu". Kila asubuhi alipita akakikwangua kidogo kwa ukucha, kama mtu anayejikuna. Kila jioni watu wa utumishi walipita na gundi.

Mtaani walishamsahau jina. Alikuwa Kaimu kwa muuza mkaa, Kaimu kwa watoto wa jirani, na Kaimu kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, msusi aliyefungua saluni barazani pa nyumba ya Kaimu na mwenye mdomo usio na breki.

"Shemeji," alimwambia siku moja mbele ya wateja, sega mkononi, "hivi dada yangu ameolewa au anakaimiwa?"

Baraza zima lilianguka kicheko. Hata mkewe, huko jikoni, alisikika akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Kaimu aliingia ndani akiwa ameshikilia mkoba wake kifuani kama ngao. Alipofika chumbani alijitazama kwenye kioo akasema polepole, "Mkurugenzi." Lilimkaa vizuri. Lilikuwa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake likakwama kwa fundi.

Ndiyo maana Waziri alipomwita ofisini, alipanda ngazi mbili mbili.

Waziri wa Maelewano alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. "Jumamosi," alisema, "itakuwa Siku ya Taifa ya Pale Pale. Mji mzima utakusanyika mahali pamoja, bila mtu hata mmoja kuambiwa ni mahali gani. Na Mjumbe wa Ikulu atakuwepo kushuhudia."

"Mji mzima, Mheshimiwa?"

"Mzima mzima. Wakikusanyika, hilo neno lako la "Kaimu" linaanguka siku hiyo hiyo, mbele ya Mjumbe, kwa makofi."

Kaimu alikuwa ameshaanza kuyasikia makofi. "Na wasipokusanyika?"

Waziri alinyanyuka kitini. Alitazama dirishani, kule chini uani, kwenye banda la mabati lililoitwa Ghala la Viti Vibovu. Ndani yake alikaa ofisa mmoja ambaye zamani alikuwa mtu mkubwa, na ambaye sasa alikuwa akitenganisha miguu ya viti na migongo ya viti.

"Kule nako," Waziri alisema kwa upole, "wanatafuta mtu wa kukaimu."

Swali lilimjia Kaimu mpaka kwenye meno, akalirudisha. "Bila shaka Mheshimiwa unapafahamu... pale."

"Mimi? Si wewe ndiye unayepafahamu?"

"Bila shaka, Mheshimiwa."

"Bila shaka."

Wakacheka pamoja, kicheko kirefu cha watu wawili ambao kila mmoja amemwegemea mwenzake na hakuna aliyeegemea ukuta.

Kutoka hapo Kaimu alikwenda moja kwa moja kwa Mtaalamu wa Makisio, kijana aliyesoma mpaka miwani yake ikawa minene kama vitako vya glasi. Huyu ndiye aliyeiandika Kanuni ya Nia Moja, ambayo Wizara nzima iliisifu na nusu yake iliisoma.

"Mbona ni rahisi," Mtaalamu alisema. "Kila mtu anataka kuwa walipo wenzake. Sawa?"

"Sawa."

"Kila mtu anajua kwamba kila mtu anataka hivyo."

"Sawa."

"Na kila mtu anajua kwamba kila mtu anajua kwamba kila mtu anataka hivyo."

"Nenda taratibu, nimetoka kula."

"Kwa hiyo kila mtu atajiuliza: wenzangu, wakijiuliza kama ninavyojiuliza mimi, wataenda wa..." Mtaalamu alijiziba mdomo kwa kiganja, akatazama mlango. "Wataenda pale. Na kila mmoja atafika kwa akili yake timamu. Kuambiana ni dalili ya wasiwasi."

"Vizuri sana. Na wewe, kwa akili yako timamu, unaona ni pale... pale?"

Mtaalamu alimshangaa kwa dhati. "Mimi ni mtaalamu. Wanaojua ni wananchi."

Kaimu alitoka akiwa ametulia kabisa. Waziri anajua kwa sababu Kaimu anajua, Kaimu anajua kwa sababu Mtaalamu anajua, Mtaalamu anajua kwa sababu wananchi wanajua. Mnyororo ulikuwa imara, kila pete imeshikana na nyingine. Haukufungwa popote, lakini ulikuwa imara.

Matokeo ya wiki hiyo, lazima yasemwe, yalitia moyo. Kamati ya Maandalizi ilifanya kikao chake cha kwanza katika vyumba saba tofauti, kila chumba na mjumbe mmoja, na maazimio yote yakapita bila kupingwa. Timu mbili kubwa za mpira zilicheza mechi yao ya mwisho kila moja kwenye uwanja wake, zikashinda zote mbili, na mashabiki wakarudi nyumbani bila kutupiana chupa kwa mara ya kwanza katika historia ya mchezo huo. Bwana harusi mmoja alisherehekea kwenye ukumbi wa juu na bibi harusi wake kwenye ukumbi wa chini. Wizara iliandika kwamba ndoa nchini zimeongezeka maradufu.

Simu nazo zikawa fupi, za kupendeza.

"Uko?"

"Niko."

"Nije?"

"Si unajua."

"Najua."

Na kila mtu alikuwa anakata simu na kubaki ameikodolea macho.

Tatizo dogo lilikuwa ile "wapi" ya mshangao, ambayo haiulizi mahali bali inakanusha. Mkaguzi wa Wapi wa mtaa wa Kaimu alikuwa refa mstaafu, mwenye filimbi shingoni na dhamiri iliyonyooka, na hakupenda kubagua. Mama mmoja dukani aliambiwa sukari imeshuka bei. "Imeshuka? Wapi!" alisema, na filimbi ikalia, akasimama hapo hapo mpaka duka likafungwa naye akiwa ndani. Shemeji naye alikamatwa barazani kwake. Mteja alimuuliza kama anaamini mji mzima utakusanyika.

"Wapi!" Shemeji akasema.

Prrrii! "Hapo hapo, dada. Mpaka uelewe."

"Kwani nilikuwa natoka? Mimi kazi yangu ni ya kusimama," Shemeji akajibu, akaendelea kusuka. "Na wewe sogea kidogo, kaka filimbi, unanizibia mwanga."

Ijumaa jioni Kaimu alirudi nyumbani akakuta baraza limejaa kuliko kawaida. Hakuna aliyekuwa anasukwa isipokuwa mmoja. Waliobaki walikuja na nywele zao zikiwa tayari. Alikuwepo fundi viatu, alikuwepo yule mama wa duka aliyepigiwa filimbi, alikuwepo hata muuza mkaa, ambaye hakuwa na unywele hata mmoja kichwani. Wote walimtazama kama watu wanaomtazama daktari akitoka chumba cha upasuaji.

"Kaimu," fundi viatu alianza, "kesho ndiyo kesho."

"Ndiyo kesho," Kaimu alikubali.

"Pale pale?"

"Pale pale."

Wakasubiri. Kaimu aliona macho yote yakimshuka mpaka kidevuni, kwa sababu mtu asiyeweza kusema mahali huweza kupaonyesha kwa kidevu. Akakiinua kidevu kidogo. Halafu, kwa kuwa hakuwa na uhakika wa kukielekeza, akakizungusha, akakirudisha kilikotoka.

"Aaa," wakasema wote, kwa sauti ya watu walioelewa.

"Mjanja huyu," mama wa duka alimnong'oneza Shemeji, Kaimu alipokwishaingia ndani. "Anajua, ila amebana."

"Shemeji yangu?" Shemeji akacheka. "Huyo siri haimkai. Mwacheni, kesho miguu yake itasema."

Mkewe alimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, kwa sababu mengine yote yalishachukuliwa na mdogo wake. "Baba Watoto, unapajua au hupajui?"

"Mimi? Mkuu wa mpango mzima?"

"Ndiyo, wewe."

Kaimu alifungua kamba za kiatu, akazifunga tena. "Kwenye lile ghala," alisema mwishowe, "hakuna hata dirisha."

Jumamosi aliamka kabla ya jogoo kupata wazo, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asikutane na macho ya mtu, akaruka ukuta wa jirani na suruali yake iliyonyooka, akakimbilia Wizarani. Mpango wake ulikuwa mfupi: amfuate Waziri kimya kimya. Popote Waziri atakapokwenda, ndipo.

Alipanda lifti mpaka ghorofa ya juu. Ofisi ya Waziri ilikuwa tupu.

Wakati huo huo lifti ya pili ilikuwa imemshusha Waziri mpaka ghorofa ya chini, kwenye ofisi ya Kaimu. Mpango wake nao ulikuwa mfupi.

Kaimu alisimama katikati ya zulia akafikiri kwa mujibu wa Kanuni. Mheshimiwa anataka tukutane. Anajua nami nataka. Hayupo hapa, maana yake amenifuata kwangu. Akashuka. Waziri, kule chini, naye alikuwa amesoma Kanuni hiyo hiyo. Akapanda. Lifti zikapishana ukutani, zikasalimiana kwa mlio wa kengele. Kaimu akaona ofisi yake iko tupu, akapanda. Waziri akashuka. Baada ya safari kadhaa za namna hiyo, Kaimu aligundua kosa: bila shaka Mheshimiwa ameshaelewa kwamba tunapishana, kwa hiyo atatulia sehemu moja anisubiri. Basi niende. Halafu akafikiri zaidi: la, yeye ndiye atakayefikiri kwamba mimi nimetulia. Basi nitulie. Akatulia. Waziri naye akatulia. Wizara nzima ikawa kimya kama msikiti baada ya swala, viongozi wawili wametulia, mmoja juu mmoja chini, kila mmoja akisifu busara ya mwenzake.

Walikutana kwenye ngazi, wakati kila mmoja alipoamua kwamba lifti ndiyo yenye matatizo. Kaimu alikwenda kushoto, Waziri akaenda kushoto. Kaimu kulia, Waziri kulia.

"Pita, Mheshimiwa."

"Pita wewe."

"Siwezi kukutangulia, Mheshimiwa. Mimi nakufuata."

"Unanifuata? Mimi ndiye ninayekufuata!"

Wote wawili wakakaa kwenye ngazi.

"Twende kwenye gari," Waziri alisema mwishowe. "Dereva atakuwa anajua."

Dereva aliwafungulia mlango, akakaa, akawatazama kwenye kioo. "Pale pale," Waziri akasema. "Pale pale," Kaimu akaunga mkono. Dereva akawasha gari, akaenda mpaka mzunguko mkubwa wa katikati ya mji, akaanza kuuzunguka. Akauzunguka tena. Abiria wake walitazama sanamu iliyokuwa katikati ya mzunguko ikiwageuzia uso, ikiwageuzia mgongo, ikiwageuzia uso.

"Kijana," Waziri akasema, "unaelekea?"

"Naelekea, Mheshimiwa. Nasubiri mmoja wenu ainamie upande fulani kwenye kona, nijue."

Mafuta yaliisha hapo hapo. Dereva akashuka, akasema, "Basi, nawatakia heri, mimi natangulia," akapotea kwenye uchochoro kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda. Walipomkimbilia hawakumwona.

Ndipo Kaimu alipotambua kwamba mji ulikuwa mtupu. Maduka yamefungwa. Kituo cha mabasi hakina mtu wala basi. Nguo zilizoanikwa zilipepea bila wenyewe. Mbele ya benki alibaki mlinzi mmoja tu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, uso umenuna.

"Salama, kijana?" Kaimu alimwendea akitweta. "Watu wameenda?"

"Wameenda wote. Mimi ndio nimeachwa na zamu."

"Pale pale?"

"Pale pale."

"Ni... mbali?"

"Si mbali."

"Ukitokea hapa, unaelekea..."

Mlinzi akasukuma kidevu mbele. Waziri aliona kidevu kimekwenda kushoto. Kaimu aliona kimekwenda kulia. Walibishana mpaka mlinzi akasinzia.

Jua lilikuwa limeshapanda, kola ya Kaimu imelowa, na kisigino cha kiatu cha kulia kimeanza kumla. Aliwaza: mji mzima umekusanyika. Umekusanyika kweli! Mpango wake umefaulu, na yeye peke yake hayupo. Mjumbe wa Ikulu ameshika neno "Mkurugenzi" mkononi, analitazama, hana wa kumpa. Akaliona lile banda la mabati. Akaliona rundo la miguu ya viti likimsubiri.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nimeshindwa. Narudi nyumbani nikavue viatu."

Waziri alitazama barabara tupu, upande huu na ule. Hakuwa na gari, hakuwa na dereva, na tangu ateuliwe hakuwahi kujua njia ya kwenda mahali popote. "Nitakusindikiza," alisema kwa ukarimu.

Kelele walizisikia kabla ya kufika kwenye kona. Kwanza vigelegele, halafu ngoma ya ndoo, halafu kicheko cha watu wengi kwa pamoja, kile kinachopanda na kushuka kama wimbi la mashabiki uwanjani. Walipokata kona, foleni ilikuwa imejaza mtaa toka ukuta huu mpaka ule.

Kaimu akajipenyeza. Muuza mkaa akamzuia kwa mkono. "Mzee, foleni inaanzia nyuma."

"Mimi naingia nyumbani kwangu!"

"Wote tunasema hivyo," muuza mkaa akajibu. Halafu akamtazama vizuri. "Alaa! Kaimu! Jamani, Kaimu huyu hapa! Ulikuwa unatokea huko nyuma kumbe!"

"Mnafanya nini kwangu?"

"Si pale pale?" Muuza mkaa alimweleza kwa subira, kama anayemweleza mtoto. "Kila mtu alijiuliza: nani anapajua? Kaimu. Basi twende kwake alfajiri, akitoka tumfuate. Tukafika, shemeji yako akatuambia umeshatoka. Tukasema tumsubiri. Huyu akaja, yule akaja, kila mtu na wazo hilo hilo. Tulipotazamana tukaona tumejaa, tukagundua kumbe ndipo. Nawe jana si ulituonyesha? Kidevu kikazunguka, kikarudi pale pale."

Walibebwa na watu mpaka ndani ya uzio. Uani hapakuwa na pa kutema mate. Timu mbili za mpira zilikuwa zinamenya ndizi pamoja, zikigombana kwa furaha ni nani aliyeshinda zaidi. Dereva wa Waziri alikuwa juu ya ukuta, akiwapungia mkono. Mtaalamu wa Makisio alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, sahani mapajani.

"Wewe ulijuaje?" Kaimu akamnong'oneza.

"Niliona watu wanaenda, nikaenda," Mtaalamu alisema na mdomo umejaa.

Na barazani, kwenye kiti chenyewe cha Kaimu, alikaa Mjumbe wa Ikulu, mama mmoja mnene wa suti ya bluu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Shemeji alikuwa nyuma yake na sega.

"Njoo mbele hapa nikuone," Mjumbe alisema. "Siwezi kugeuza kichwa, huyu ananivuta."

Kaimu alijifuta jasho, akafunga kifungo cha koti.

"Nimempigia Rais simu sasa hivi," Mjumbe akasema. "Nimemwambia mji mzima umekusanyika bila kuulizana. Amefurahi sana. Ameagiza neno 'Kaimu' liondolewe leo hii."

Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwaamsha njiwa wa mtaa wa tatu. Kaimu alifumba macho. Aliliona lile koti likitoka kwa fundi, likimjia, mikono imefunguka.

"Nashukuru sana, Mheshimiwa Mjumbe. Kwa hiyo kuanzia sasa mimi ni Mkurugenzi."

"Hapana. Na 'Mkurugenzi' nalo limeondolewa." Mjumbe aliinua kidole kumwomba Shemeji alegeze kidogo. "Rais amejiuliza: kama wananchi wanaelewana wenyewe kiasi hiki, Kurugenzi ya kuwaelewesha ni ya kazi gani? Mpango wako umefaulu kupita kiasi, bwana. Hongera."

Makofi yalikuwa makubwa. Kaimu alisubiri yaishe. "Sasa," aliuliza kwa sauti ndogo, "mimi ni nani?"

"Wewe?" Shemeji akadakia, sega hewani. "Wewe ndiye mwenye nyumba, shemeji! Na wageni wako toka alfajiri hawajaona chai!"

Mkewe alikuwa ameshafika pembeni yake na sinia la vikombe. "Baba Watoto, vua hivyo viatu," alisema, "halafu shika hapa."

Akavua. Saruji ilikuwa ya baridi, na nyayo zake zikafurahi kabla yeye mwenyewe hajaamua. Akashika sinia, akawageukia watu, akatafuta wa kuanza naye. Mji mzima ukainua mikono.

"Pole sana, ndugu yangu," Waziri alisema, akimpiga bega kwa uso wa mtu aliyepona ajali. "Kazi za serikali ndivyo zilivyo." Kisha akageukia baraza, akatengeneza tai. "Na upande wangu, Mheshimiwa Mjumbe? Wizara?"

"Wizara imefungwa kwa sababu ya mafanikio. Lakini wewe Rais anakuthamini, hakukusahau. Ametoa agizo maalumu juu yako." Mjumbe akatabasamu. "Amesema uende pale pale."

"Pale pale," Waziri akarudia, akitikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia hilo. Akakitikisa tena. Jasho likaanza kumchuruzika nyuma ya sikio. Alimtazama Mtaalamu, Mtaalamu akatazama sahani. Alimtazama dereva, dereva akatazama mbingu. Alimtazama Kaimu, lakini Kaimu alikuwa amefika safu ya tatu na sukari ilikuwa inamwita.

"Mheshimiwa Mjumbe, ili nisije nikachelewa," Waziri alisema taratibu, "pale pale... wapi?"

Prrrrriii!

Mkaguzi wa Wapi alitoka nyuma ya ndoo ya maji, filimbi mdomoni, dhamiri imenyooka. "Hapo hapo, Mheshimiwa. Mpaka uelewe."

"Una wazimu? Wizara si imefungwa!"

"Wizara imefungwa, sheria ipo. Wa kuifuta ni Waziri, na Waziri amepigiwa filimbi, hawezi kwenda kusaini."

Watu walifikiri kidogo, wakaona ni haki. Waziri akabaki amesimama katikati ya ua, mikono imejitanua kwa kushangaa. Mama wa duka, aliyekuwa anatafuta pa kuweka mkoba wake ili ashike kikombe, akautundika kwenye mkono wa kulia. Bibi harusi aliyempata bwana harusi wake akatundika shela kwenye wa kushoto. Baada ya hapo kofia, miavuli, khanga, koti la kipa. Mwenye nyumba alipomfikia na sinia alimnyanyulia kikombe mpaka mdomoni, kwa kuwa mheshimiwa hakuwa na mkono wa kukipokelea, akasubiri anywe, akampulizia kidogo maana ilikuwa ya moto.

Barazani simu ya Mjumbe ililia. Shemeji alimshikia sikioni.

"Ndiyo, Mkuu," Mjumbe alisema. "Agizo limetekelezwa. Namwona kabisa kutoka hapa nilipo. Yuko pale pale."